Swali la Arobaini na Moja

RIPOTI YA MWISHO YA KAMATI NDOGO YA UHAKIKI KUHUSU NAFASI MOJA ILIYOACHWA WAZI KATIKA DODOSO NAMBA TATU, UKURASA WA TISA.

Hilo ndilo jina la karatasi yenyewe, wanangu, na msicheke bado. Ina kurasa thelathini na mihuri mitano, na yote inazungumzia nafasi isiyozidi upana wa kidole. Mnataka kujua nani aliyeiacha wazi, na kwa nini? Basi sogeeni.

Zamani hizo, zamani za kale kabisa, wanyama walikuwa na nyumba zenye milango, shule zenye kengele na vyuo vikuu vyenye kamati. Juu ya majabali palikuwa na shule ya msingi, na mwalimu wa madarasa ya chini alikuwa Bi Pimbi, mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu. Alikuwa na watoto sitini na wawili, yeye peke yake.

Watoto wale walikuwa hodari wa kuimba somo. Bi Pimbi akigusa ubao kwa fimbo, wote huitikia mpaka majabali yanavuma: ba, be, bi, bo, bu! Lakini akirukia neno la katikati bila kuwaonya, zii. Walikuwa wameshika wimbo, herufi hawajazishika. Dawa yake Bi Pimbi aliijua: mtoto mmoja, kitabu kimoja, na mtu wa kumsikiliza bila haraka. Alichokosa ni masikio ya kutosha.

Aliyemnyima raha kuliko wote ni binti Kakakuona. Kila akiambiwa asome, kwachu! anajikunja akawa mpira wa magamba, na hapana wa kumkunjua. Idara ya Elimu ilikuwa na kanuni yake: mtoto akishindwa kusoma mwaka wa tatu mfululizo, arudishwe kwao. Huo ulikuwa mwaka wake wa tatu. Baba yake alikuwa amekwisha kumwonyesha kichuguu atakachochimba.

Nyuma ya darasa palikuwa na benchi nene la mvule, lililochongwa kwa ajili ya mtu mmoja. Miaka mingi nyuma, Tembo alipokuwa mwanafunzi wa ualimu, pembe zake hazijachomoza, alikuja kufanya mazoezi ya kufundisha kwa muhula mzima. Alikaa pale nyuma, akawaita watoto mmoja mmoja, akainamisha sikio. Muhula ule watoto ishirini walitoka wakisoma. Kisha chuo kikuu kikamwita. Siku ya kuondoka akaandika katika kitabu cha wageni, safu ya maoni: Nitarudi.

Ni kweli alirudi, lakini si yule. Aliyerudi ni Profesa Tembo, mkuu wa mradi, pamoja na msaidizi wake Daktari Kiboko na bango refu lililosema USHIRIKIANO WA CHUO KIKUU NA SHULE KWA AJILI YA KUINUA UJIFUNZAJI. Kila mwaka bango lilitundikwa asubuhi, likapigwa picha, likashushwa adhuhuri kwa kuwa lilihitajika shule nyingine. Wageni walihesabu madawati, wakapima madirisha, wakawauliza watoto kama wanafurahia shule. Watoto walijibu kwa pamoja kwamba wanafurahia. Bi Pimbi alijaza dodoso la maswali arobaini na mawili, chai ikanywewa, na Profesa akasaini kitabu cha wageni. Nitarudi. Mwandiko ulikuwa ule ule, ila saini ilizidi kunenepa.

Wazee husema Pimbi na Tembo ni wajukuu wa bibi mmoja. Kwa akina Pimbi habari hiyo hutajwa kila harusi. Kwa akina Tembo haitajwi.

Sasa Bi Pimbi alikuwa na tabia moja ambayo hakumwambia mtu. Watoto wakishatoka, alifungua kitabu cha wageni akapitisha kidole chini ya safu ile ya maoni, taratibu, kama anavyofundisha kusoma. Kisha alitazama njia itokayo mabwawani, kilipo chuo kikuu. Njia ilikuwa tupu, nyeupe kwa vumbi. Kila Ijumaa alilipangusa lile benchi, japo hapakuwa na aliyelikalia.

Alikuwa amekiandikia chuo kikuu barua pia. Barua zilijibiwa, tena kwa heshima, kwamba ziara yake imepokelewa na inafanyiwa kazi. Hakuwa ameomba ziara yake, aliomba yao. Lakini ndivyo majibu yalivyokuwa yamechapwa.

Basi mwaka mmoja likatokea jambo. Siku ya tatu baada ya wageni kuondoka, huyo Daktari Kiboko anapanda majabali, huu, huu, pumzi juu, jasho linamtiririka, katembea tangu alfajiri. Kumbe kurasa mbili za dodoso ziligandana kwa chai ya maziwa, na swali moja likapitwa. Na sheria yao chuoni ilikuwa kwamba dodoso lenye nafasi wazi halifungwi, na dodoso lisipofungwa ripoti ya mwisho haiandikwi, na ripoti isipoandikwa mradi haupo. Bi Pimbi akatia alama ya vema, akampa mgeni maji, akautazama mgongo wake mpana hadi ulipopotea bondeni.

Kumbe hawa hawarudi kwa kuombwa, alijiambia. Wanarudi kwa nafasi wazi.

Mwaka uliofuata wageni wakaja na bango lao. Bi Pimbi akajibu swali la kwanza mpaka la arobaini kwa mwandiko mzuri ajabu, akajibu na la arobaini na mbili. La arobaini na moja lilisema: Mtoto asipoweza kusoma, mwalimu hufanya nini? Jibu kwa mstari mmoja. Hapo hakuandika kitu. Akalikunja dodoso, akalikabidhi, akaanza kuhesabu siku.

Siku ya nne Kiboko akafika.

"Mwalimu, umeruka swali."

"Sikuruka, Daktari. Limenishinda."

"Limekushinda vipi, mstari mmoja tu? Andika chochote."

"Niandike chochote, na Profesa asome chochote?"

Kiboko akatazama huku na huku, kana kwamba kamati imejificha nyuma ya mawe. Akasema hakumaanisha hivyo.

"Jibu lake huonekana, ila haliandikiki," Bi Pimbi akamwambia. "Keti hapo nyuma dakika mbili ulione, kisha uandike wewe mwenyewe. Mkono wako unajua lugha yao."

Kiboko akaketi, na kabla hajatulia, Digidigi mdogo alikuwa amesimamishwa mbele ya magoti yake na kitabu mkononi. Kiboko akauliza yeye afanye nini.

"Msikilize. Akikwama, ngoja. Huko kungoja ndiyo kazi yenyewe."

Dakika mbili zikaenda mpaka kengele ya mwisho. Digidigi alikwama mara tisa, mara ya kumi akaumaliza ukurasa. Kiboko akajifuta uso kwa kiganja, akasema hilo ni jasho.

Alipotoa kalamu, Bi Pimbi akamuuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia mvua, kama huko chuoni jibu lililoonwa siku moja linakubalika. Kiboko akajivuna kidogo. Halikubaliki hata kidogo. Lazima muhula mzima, Jumatatu zote.

"Na likiwa limeonwa na mtu mmoja?"

"Mtu mmoja? Huo si utafiti, Mwalimu, huo ni umbea. Lazima shahidi wa pili, na kwa utaratibu ni mkuu wa mradi."

"Basi mimi hayo sikuyajua," akasema Bi Pimbi, akainama kuokota chaki ambayo haikuanguka. "Nyinyi ndio wasomi."

Hivyo Jumatatu iliyofuata Profesa Tembo mwenyewe akapanda majabali, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu. Alisimama mlangoni akitafuta kiti. Kisha akaona benchi.

"Bado lipo?"

"Lingekwenda wapi, Profesa?"

Akaketi. Benchi likalia kwaaa, kama mzee anayeinuka. Jumatatu ya kwanza alikaa na saa yake mkononi. Ya tatu aliiweka mfukoni. Ya tano alikuja bila saa, na akawaita watoto mwenyewe, mmoja mmoja, kwa majina. Bi Pimbi alifundisha huku amewapa mgongo wale wa nyuma, kwa sababu alihofia kwamba akigeuka sana atamkuta Profesa na si yule kijana.

Watoto wakawa wanatoka kwenye wimbo na kuingia kwenye maneno. Kiboko naye hakukosa, akisema anamsubiri Profesa. Ikabaki Jumatatu moja ya muhula. Ijumaa yake afisa wa Idara angekuja kupima, na binti Kakakuona alikuwa bado mpira.

Jumatatu hiyo Bi Pimbi alimvingirisha polepole, guru guru guru, mpaka miguuni pa benchi.

"Huyu ndiye swali la arobaini na moja, Profesa. Ijumaa anarudishwa kwao."

Kisha akausukumia kitabu ule mpira wa magamba, katika upenyo mdogo uliobaki. Vitabu vingine, alisema, vilikuwa vinatumika. Vilikuwepo vinne kabatini.

Profesa Tembo hakumwambia mtoto ajikunjue. Alilishusha sikio lake moja, lile kubwa la kulia, akamfunika nalo kama kwa shuka, mpira wote ukapotea. Kiboko akaacha kuhema. Jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine.

Kisha chini ya sikio kikasikika kisauti.

"Ni."

Tembo akangoja.

"Ni-ta." Sikio halikusogea. "Ni-ta-ru... Nitarudi."

Kidole kikashuka mstari wa pili. "Nitarudi." Wa tatu ukaja upesi zaidi, na wa nne. Aliisoma yote, safu nzima, na kila alivyosoma ndivyo sauti ilivyopanda. Ilipofika mara ya kumi na tatu darasa zima lilikuwa linamsikia. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aishie hapo, akasoma na jina la pembeni.

"Tem-bo."

Kichwa kikachungulia chini ya sikio.

"Profesa, kumbe ulikuwa umekwenda wapi?"

Profesa Tembo alikuwa amehutubia mikutano mingi na kujibu maswali ya maprofesa wenzake. Hili lilimfanya akivute karibu kile kitabu cha wageni. Akaitazama safu nzima, saini nyembamba ya juu na saini nene ya chini.

"Mwalimu, umempa kitabu hiki makusudi."

"Nilimpa kitabu chenye maneno mepesi."

"Na lile swali? Jibu unalijua."

"Nalijua tangu hujaota pembe. Ulinionyesha wewe, hapo hapo ulipokaa."

"Si ungeniandikia mimi mwenyewe nije?"

"Ungenijibu kwamba utarudi," akasema Bi Pimbi.

Daktari Kiboko akakohoa. Alikuwa ameshika dodoso na kalamu iliyofunguliwa. Muhula umekwisha, mashahidi ni wawili, ijazwe ile nafasi ripoti ifungwe. Tembo akalipokea dodoso, akalisoma swali la arobaini na moja, akalirudisha kama lilivyokuja.

"Halijaonwa vya kutosha."

"Muhula mzima, Profesa?"

"Hata huo. Bado yapo ambayo hatujayaona. Sivyo, binamu?"

Neno hilo halikuwahi kutoka katika kinywa cha Tembo yeyote. Bi Pimbi akageukia ubao akaanza kuufuta, na aliufuta muda mrefu kuliko ulivyokuwa umeandikwa.

Ijumaa binti Kakakuona alisoma mbele ya afisa wa Idara. Afisa aliandika kwamba mtahiniwa alisoma akiwa katika umbo la nusu duara, jambo ambalo kanuni haikulikataza, akampa alama ya kupita. Kichuguu kikabaki na mchwa wake. Kamati ndogo nayo ikakaa vikao sita, ikaandika zile kurasa thelathini, ikagonga mihuri mitano, na kwa kauli moja ikaamua kuwa nafasi ibaki wazi na uhakiki uendelee.

Funzo lake, wanangu, ni kwamba anayetaka kujua watoto wanajifunzaje, na akae nao mpaka wajifunze.

Na kilichotokea hasa ni hiki: Jumatatu iliyofuata Tembo alikuja, akakaa kwenye benchi, na hakusaini kitabu cha wageni.