Hisa ya Mia

Haya, hadithi imeshafika mlangoni. Asiyependa kuamua azibe masikio mapema!

Hapo Muheza paliondokea wanawake watatu wenye kazi moja: kutengeneza pilipili ya chupa. Mashavu na Siajabu walikuwa ndugu wa tumbo moja. Zawena alikuwa wifi yao, mke wa kaka yao.

Mashavu alijaliwa macho. Alisoma kila karatasi, hata iliyofungiwa maandazi. Siajabu alijaliwa ulimi. Mwenye kipara angemuuzia kitana. Naye Zawena alijaliwa kiganja. Mizani hakuijua. Chumvi aliipima mkononi, na ladha haikuhama mwaka hadi mwaka.

Ila Zawena alikuwa na lake moyoni. Miaka tisa katika nyumba ile aliulizwa chumvi tu, mengine aliyakuta yameshaamuliwa. Hakulalamika. Lakini iliuma, jamani, iliuma.

Siku moja Siajabu akaenda hoteli kubwa ya Tanga. Mnunuzi akamwambia, "Mama, hatununui vitu vya sokoni." Siajabu akakaa jikoni kwao, akapiga soga mpaka mpishi mkuu akaonja. Mpishi akalamba kijiko. Mnunuzi akasalimu amri: "Nawapa mwezi mmoja. Mje mkiwa kampuni."

Wakapeleka jina la kampuni kwa msajili, likakataliwa, kumbe lina mwenyewe. Siajabu akalia. Mashavu akaisoma barua mpaka maandishi ya chini kabisa, akakuta wana siku tano za kuleta jina jingine. Zilikuwa zimebaki mbili! Akalipeleka siku ileile, likapita.

Akaja mkaguzi wa chakula. "Vipimo vyenu viko wapi?"

"Hivi hapa," Zawena akasema, akanyoosha mkono.

Mkaguzi akacheka. Zawena akapika vyungu vitatu mbele yake. Mkaguzi akapima kila kiganja cha chumvi kwa mizani yake mwenyewe: sawasawa, mara tatu. Kicheko kikaisha, saini ikatoka.

Ikabaki kugawana hisa. Kwa kupenda namba nono, walikuwa wameandikisha mia, na wakili ameshagonga mhuri. Thelathini na tatu kila mmoja, ikabaki moja. Walikubaliana atakayeipata ndiye mwenyekiti, na wakibishana, neno lake ndilo la mwisho.

Najua kuna mjanja hapo nyuma anataka kuikata vipande. Kaa chini, mjanja! Kiti hakikatwi.

"Apewe Siajabu," alisema Mashavu kwa adabu.

"Aa, dada, wewe mkubwa," akajibu Siajabu.

Zawena akasogea mezani.

"Mimi naitaka," akasema.

Siajabu akaangua kicheko, akampiga begani. "Wifi! Kumbe una mdomo! Miaka tisa umeuficha wapi?"

Zawena akacheka mpaka machozi, mzigo umemtoka kifuani. Lakini Mashavu akainua kidole.

"Kusema umesema, wifi, na nimefurahi. Sasa adabu tuziweke kando. Hata mimi naitaka."

"Na mimi je?" akadakia Siajabu. "Mnadhani siitaki?"

Wakatazamana, wakacheka tena wote watatu. Fomu ipo mezani, mstari mmoja uko wazi, na kesho asubuhi wakili anaitaka.

Bila Siajabu, hakuna mnunuzi. Bila Mashavu, hakuna kampuni. Bila Zawena, hakuna pilipili. Haya, kalamu hiyo, shika. Wewe ungeandika jina la nani?