Feni Iliyokataa Kutengenezeka

Wahenga waliposema mficha uchi hazai, hawakuwa wakifanya mzaha. Walimaanisha kwamba mwenye shida akiifunika kwa aibu, hata anayetaka kumsaidia hajui pa kushika. Fundi mmoja wa umeme aliijua methali hiyo tangu shuleni, tena aliiandikia insha akasifiwa, ila ilipomfika yeye mwenyewe akaisahau kabisa.

Fundi huyo aliwahi kuugua ugonjwa wa akili. Siku moja alikuwa kazini kwa mteja wa mtaani kwake, akaanza kung'oa nyaya zote ukutani akidai zinamsema. Majirani walimfunga kamba wakampeleka hospitali, binti yake akitazama. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Lakini aibu haikutibiwa. Mtu akicheka njiani, fundi aliona anachekwa yeye.

Muuguzi alimwelekeza kwenye kikundi cha watu waliopitia maradhi kama yake, waliokutana kila wiki ukumbini nyuma ya zahanati. Mkewe akambembeleza, "Nenda, mume wangu. Watu hawang'ati."

Alikwenda, begi la vifaa begani. Mlangoni alipokewa na mshonaji wa makamo, kiongozi wa kikundi, ambaye wote walimwita Shangazi.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kukaa nasi?"

"Hapana, Shangazi. Nimekuja kutazama ile feni."

Shangazi aliinua macho. Kweli, feni ya darini ilikuwa imesimama. "Haya, itazame."

Fundi akapanda ngazi, akaitengeneza huku akikawia makusudi, masikio yote yakiwa chini. Alimsikia dereva wa lori akisimulia alivyowahi kuliacha gari barabarani akakimbilia porini, na hakuna aliyemcheka. Wiki iliyofuata alirudi "kuikagua" feni, akaikuta imekufa tena. Na iliyofuata, vivyo hivyo. Alishukuru kimoyomoyo, akajiona mjanja.

Kumbe nyumbani mambo yalikuwa yanaharibika. Jirani aliwahi kuviona vidonge vyake akauliza ni vya nini, na tangu hapo fundi alivitema bafuni huku akimwambia mkewe amemeza. Punde sauti zikaanza kurudi, kwanza kwa mbali, kisha zikimwita kwa jina. Alijua kinachofuata: nyaya, kamba, na binti yake akitazama.

Wiki hiyo alipanda ngazi tena. Alipofungua kifuniko aliona waya umechomoka kama kila wiki, ila safari hii uzi mwekundu ulikuwa umenasa kwenye skrubu. Akatazama chini. Mapajani mwa Shangazi mlikuwa na gauni jekundu alilokuwa akilishona.

"Nani anachomoa waya huu?"

"Mimi, fundi. Kwa ncha ya mkasi."

"Shangazi! Ungekufa kwa umeme!"

"Nilizima swichi kuu kwanza. Wazimu ulishanitoka." Watu wakacheka, Shangazi mwenyewe hakucheka. "Feni ikipona, ungekuja kwa sababu gani?"

Uso ulimwiva fundi kwa aibu. Walijua tangu siku ya kwanza! Muda wote huo walikaa kwenye joto wakijipepea kwa magazeti, ili yeye apate pa kuficha uso. Alitamani dari limmeze. Mlango ulikuwa wazi. Ndipo sauti ikamwita kutoka ndani ya waya: "Ng'oa."

Akashuka.

"Sauti zimerudi," alisema akitazama viatu vyake. "Dawa nazitema. Mke wangu nimemdanganya. Naogopa binti yangu ataniona vile tena."

Dereva alimvutia kiti ambacho kila wiki kilikaa kitupu. "Mimi dawa zangu nilizificha kwenye lori," alisema. "Kesho nakupitia twende kwa daktari. Na mkeo, utamwambia peke yako au nije?"

"Njoo," fundi akajibu, akalia mbele ya wote.

Sauti hazikunyamaza siku ile. Zilitaka wiki kadhaa, vidonge vilevile, na dereva yuleyule kugonga mlango asubuhi. Kamba hazikuonekana tena.

Baadaye, feni ikizunguka vizuri, mwanamke mgeni alisimama mlangoni ameshika ufagio. "Nimekuja kufagia tu," alisema, macho chini.

Sakafu ilikuwa inang'aa. "Karibu, dada," fundi akamwambia, "pale kwenye kona pana vumbi." Kisha akaweka kiti kitupu karibu na kona ile akamngoja, kwa kuwa yeye alikwisha kujionea mwenyewe kwamba mficha uchi hazai.