Punda na Ngwe Kavu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona sauti zimewakauka hivyo? Mmetoka shamba, mmekaa kitako, na hakuna aliyegusa mtungi. Kata hiyo hapo. Kunyweni, nangoja. Mmemaliza? Na wewe baba uliyejificha nyuma? Kunywa, hakuna anayekuchungulia. Haya, sasa tena.

Paukwa!

Pakawa!

Ehee! Hapo tunaelewana.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama walikuwa wakilima. Walilima katika bonde moja liitwalo Kivulihaba. Jina limeshasema yote: miti ya kuhesabu, jua la kumwaga. Walilima kwa ujima, leo shamba la huyu, kesho shamba la yule. Asubuhi Mzee Tembo alipima kwa kamba, akampa kila mmoja ngwe yake, kipande chake cha kulima siku hiyo. Ukimaliza ngwe, umemaliza siku.

Sasa, walikuwa na mchezo wao. Aliyeuanzisha simjui, nadhani ni mjinga mmoja mwenye nguvu. Mchezo wenyewe waliuita ngwe kavu. Unalima ngwe nzima, mwanzo hadi mwisho, na tone la maji lisipite kooni. Ukiweza, wewe dume. Ukienda kunywa katikati, wanakuimbia:

"Kanywa, kanywa, mtoto mchanga!
Mrudisheni kwa mama!"

Bingwa wa ngwe kavu alikuwa Punda. Misimu mitatu hajashindwa. Jembe lake likisema ku! ku! ku! vumbi linaitikia tifu!

Na mbeba maji alikuwa Bi Kanga. Mdogo, miguu vijiti, kibuyu kichwani, anapita ngwe hadi ngwe. "Maji, jamani, maji!" Nani amsikie? Jioni anarudi nyumbani, kibuyu kimejaa vilevile. Kazi gani hiyo, kuteka maji yasiyonywewa? Lakini kesho yake utamwona tena mtoni.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Ardhi ilikauka ikawa kama kigae. Siku hiyo shamba lilikuwa la Punda mwenyewe. Mkewe alikuwa na siku nne tangu ajifungue, mtoto wao wa kwanza, masikio marefu kuliko miguu. Punda alitaka mbegu ziingie chini mapema, mwanawe asije akajua njaa. Akamwendea Mzee Tembo.

"Mzee, nipimie ngwe mbili."

"Mbili? Na jua hili?"

"Mbili, Mzee. Mimi ni baba sasa."

Akapimiwa mbili. Jua likapanda. Ku! ku! ku! Jasho chururu! Bi Kanga akaja.

"Bwana Punda, funda moja tu."

"Maji wape watoto, Bi Kanga."

Fisi, aliyekuwa analima ngwe ya jirani, akacheka hi hi hiii!

Jua likapanda tena. Ku... ku... ku... Bi Kanga akarudi.

"Bwana Punda, nimetia na chembe ya chumvi. Jasho huondoka na chumvi ya mwili, usidhani ni maji tu. Njoo kivulini kidogo."

"Nimesema niondokee! Unataka niimbiwe, mke wangu asikie kule nyumbani?"

Akampiga kumbo. Kibuyu kikaanguka, maji yakamwagika, ardhi ikayanywa papo hapo. Bi Kanga akaokota kibuyu chake. Akaenda mtoni kujaza tena. Mimi ningemwacha, nawaambia kweli, ningemwacha na udume wake. Bi Kanga si mimi, Mungu ambariki.

Jua likasimama utosini. Hapo Punda akaanza vituko. Alikuwa analima mbele, akapinda kushoto. Akaingia ngwe ya Fisi. Akarudi kulima palepale alipokwisha kulima. Akaanza kusema peke yake: "Mama, anua nguo, mvua hiyo inakuja." Mvua gani, na mbingu nyeupe pe? Tena mama yake alikwisha kufa miaka mingi.

Wanyama wakacheka. Fisi akagaagaa chini. "Bingwa leo katuletea na vichekesho!"

Bi Kanga, aliyekuwa amerudi kutoka mtoni, hakucheka. Alikuwa anaitazama shingo ya Punda.

"Jamani, jasho lake liko wapi?"

"Jasho?"

"Asubuhi lilikuwa likimtiririka. Sasa shingo kavu. Mguseni."

Fisi akagusa, akarudisha mkono upesi. "Uwi! Anaungua kama chungu jikoni!"

Na Punda, puu! Chini. Macho yakageuka weupe mtupu. Kicheko kikakatika.

Mkewe akaja mbio kutoka nyumbani, mtoto nyuma yake anapepesuka. "Mume wangu! Jamani, mwanawe hata hajampa jina!"

Fisi akanyakua kibuyu ammiminie mdomoni.

"Acha!" akapiga ukelele Bi Kanga, kwa sauti ambayo hawajapata kuisikia. "Asiyejitambua hanyweshwi! Yatamwingia mapafuni. Mpelekeni kivulini kwanza!"

Mzee Tembo akamzungushia mkonga, akambeba, akamlaza chini ya mkwaju.

"Mwagieni maji! Shingoni, kwapani, mapajani! Mzee, mpepee!"

Mdogo anaamuru, wakubwa wanatii. Mzee Tembo akavuta maji kwa mkonga, fyaaa! Akapepea kwa masikio, pwa! pwa! Fisi mbio mtoni, mbio kurudi, machozi yanamtoka wala hayafuti. Wakamwaga, wakapepea. Wakamwaga, wakapepea. Punda kimya. Wakamwaga, wakapepea. Punda kimya. Mkewe amempakata kichwa.

Mtoto akasogea. Hakujua kitu yule, alidhani baba amelala. Akamlamba sikio. Sikio likatikisika.

"Nani... nani ananilamba?"

"Mwanao," mkewe akasema, akaangua kilio.

"Maji," Punda akasema.

Unadhani kuna aliyemwimbia? Hakuna. Bi Kanga akamnywesha polepole, funda moja, apumue, funda jingine, apumue. Punda akataka kuinuka.

"Lala," Bi Kanga akamwambia. "Leo hulimi, na kesho hulimi."

Ngwe zake mbili wenzake wakamlimia, lakini si kwa jua lile. Mzee Tembo alisimama mbele yao, akasema: "Nimeona haya. Mzee mzima mimi, nikampimia ngwe mbili. Kuanzia leo tunaanza alfajiri. Jua likiwa kali, wote kivulini. Na kila tukilima urefu wa kamba moja, kila mtu anakunywa, ana kiu hana kiu." Ngwe kavu ikafa siku ile. Haikufanyiwa matanga.

Siku ya nne, alfajiri, Bi Kanga akasikia kwato nje ya nyumba yake. Ko! ko! ko! Akachungulia. Punda! Hakufungua mlango, maana walimwengu wanasema fadhila ya punda ni mateke.

"Hodi, Bi Kanga."

"Karibu... lakini simama hapo hapo ulipo."

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikupiga kumbo, nikamwaga maji yako. Nawe ukarudi mtoni kwa ajili yangu. Kwa nini ulirudi?"

"Si ulikuwa na kiu?"

Punda akainamisha kichwa. Akalia. Na punda akilia mnamjua, bonde zima likaamka.

"Bi Kanga, jana mwanangu alikimbia kwa mara ya kwanza, nami nilikuwepo, nikamwona. Asante. Sina kitu cha kukupa isipokuwa mgongo huu. Nitwike. Wewe gawa maji, mimi nitabeba."

Bi Kanga akafungua mlango. Akamfungia vibuyu mgongoni, viwili kushoto, viwili kulia. Wakaongozana mtoni.

Basi tangu siku ile hadi leo, ukimwona punda njiani na madumu ya maji mgongoni, usidhani kashindwa kukimbia. Anashukuru. Na wewe unayemchapa fimbo, koma.

Mafunzo yake ni haya. Jua halimjui dume. Ukifanya kazi juani, kunywa maji kabla kiu haijakushika, na pumzika kivulini. Ukimwona mwenzako anasema ovyo juani, usimcheke, mshike mkono umtoe. Na yule anayekuletea maji, mwambie asante ungali na mdomo wa kusemea.

Hadithi yangu imeishia hapo, imetua mzigo wake.