Koti la Mkuu wa Kisima

Mwaka ule jua liliiwakia Mbuga ya Mikongoro mpaka vyura wakahama, na Kiboko akaonekana akijipaka vumbi huku akijidanganya kwamba ni tope. Mito ilikauka. Kikabaki kisima kimoja tu, na hicho nacho kilikuwa na mfuniko wa jiwe.

Simba, mfalme wa mbuga, hakutaka kuona raia wake wakikanyagana kwa ajili ya maji. Aliona ni aibu kwa mfalme wa hadhi yake. Akaunda Ofisi ya Kisima, akajenga kibanda na kuweka ndani yake kiti kikubwa.

"Anayetaka maji ataomba ruhusa kwa anayekaa kwenye kiti hiki," akanguruma. "Mkuu akiruhusu, Kifaru atausukuma mfuniko kwa pembe yake. Bila ruhusa, hakuna kufungua!"

Ukuu akapewa Fisi. Msiniulize kwa nini. Siku ya kuomba kazi yeye ndiye aliyemsifia mfalme kwa sauti kubwa kuliko wote, basi.

Fisi alikuwa na koti. Aliliokota njiani, mpima ardhi mmoja alipolitupa akikimbia nyuki. Siku ya kwanza alilivaa, akakaa kitini, akaruhusu wawili watatu wanywe, akapiga miayo. Mara upepo ukamletea harufu ya mizoga kutoka bonde la pili, maana ukame ulikuwa unaua huko. Mate yakamtoka. Akavua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akalinyoosha mabega vizuri, akapenya nyuma ya kibanda na kwenda zake. Tangu siku hiyo ofisi ikabaki na koti.

Na koti lile lilifanya kazi yake barabara. Kifaru haoni mbali, lakini pua anayo. Akitazama kibandani anaona kitu kina mabega, akinusa anapata Fisi. Anaridhika. Simba naye, kila asubuhi, alitazama chini kutoka kwenye mwamba wake, akaliona koti kitini, akatikisa manyoya ya shingo kwa furaha.

"Huyu Fisi mchapakazi kwelikweli," alisema. "Hata kujinyoosha hajinyooshi!"

Foleni ikawa ndefu, ikazunguka kibanda. Kila aliyefika aliliamkia koti, "Shikamoo mkubwa," na koti likanyamaza. Wakimuuliza Kifaru, jibu lilikuwa lile lile.

"Mkubwa yupo. Koti lile pale. Subirini."

Wengine walisubiri mpaka miguu ikalegea, wakajikokota kwenda kufia bonde la pili, na huko Fisi aliwapokea kwa mikono miwili. Hilo ndilo linalonitia hasira kila nikisimulia! Kadiri ofisi ilivyolala, ndivyo mkuu wake alivyonenepa.

Siku moja Bi Swala alifika kwenye foleni akimsukuma mwanawe kwa pua. Mtoto alikwenda hatua mbili, akaanguka. Ulimi ulikuwa nje, mkavu kama jani.

"Kaka Kifaru," akasihi Bi Swala, "sitaki maji yangu mimi. Mpe huyu tu, alowanishe koo."

"Bi Swala, nakuonea huruma," akasema Kifaru. "Lakini ruhusa haijatoka."

"Pembe unayo! Ukisukuma mara moja tu, mfuniko si unafunguka?"

"Unafunguka, ndiyo. Lakini nikifungua bila ruhusa likatokea la kutokea, nitajibu nini?"

"Hili lililokwisha kutokea hulioni?" Bi Swala akaanza kulia, na wallahi hata machozi yalitoka kwa shida.

Sungura alikuwa kwenye foleni, nyuma ya Nyumbu. Huyu bwana ni mjanja, lakini si malaika, nisije nikamsifu bure. Kiu ilikuwa inamchoma yeye mwenyewe. Hata hivyo alipomwona yule mtoto, roho ilimuuma. Akapita pembeni, akalisogelea koti, akalitazama kola. Nzi ametua hapo, anatembea bila wasiwasi wowote.

"Alaa!" akanong'ona. "Kumbe tunaiamkia nguo!"

Akazunguka nyuma ya kibanda, akajipenyeza ndani ya koti, akakunja masikio, akainua kola mpaka puani. Kisha akakohoa kama bosi.

"Kifaru!"

"Naam mkubwa!" Kifaru alishtuka nusura akanyage mkia wake. Sauti ilikuwa nyembamba kidogo, lakini harufu ilikuwa ya Fisi kabisa.

"Fungua. Mtoto wa Swala kwanza. Halafu huyo sungura mzuri, akitokea. Halafu wote."

Jiwe likasukumwa. Mtoto akanywa, akapumzika, akanywa tena, akasimama kwa miguu yake mwenyewe. Bi Swala alimlamba uso wote. Foleni iliyozunguka kibanda ikayeyuka kabla jua halijafika utosini, na watu wakaanza kuambizana kumbe kazi yenyewe ilikuwa ndogo hivi.

Simba aliona kutoka mwambani wanyama wakirudi makwao midomo ikidondosha maji. Kifua kikamvimba. Akashuka mwenyewe akiburura paja la nyati, akapanda juu ya kichuguu mbele ya kibanda, na wanyama wakarudi kumzunguka.

"Raia wangu!" akanguruma. "Nilijua nimechagua vizuri. Mimi sikosei. Paja hili ni zawadi ya aliyekaa kwenye kiti kile, ambaye hajakosa kazini hata siku moja!"

Harufu ya nyama mbichi ikavuka mpaka bonde la pili. Fisi alikuwa ameshiba, lakini ni lini Fisi akashiba? Akaja mbio, vumbi linatimka, akajitupa mbele ya kichuguu.

"Paja hilo langu, mfalme!"

"Nani wewe unayenikatiza?"

"Mimi Fisi, Mkuu wa Kisima!"

Simba akakunja uso. "Mkuu amekaa kitini. Ninamwona kila asubuhi kwa macho yangu haya. Unataka kusema macho yangu yananidanganya?"

Mwenye akili angenyamaza hapo. Lakini paja lilikuwa linadondosha mafuta, na mate ya Fisi yalishafika magotini.

"Hilo koti tu, mfalme!" akapiga kelele. "Koti! Nimelitundika mimi mwenyewe! Kila siku niko bondeni nakula, kiti hicho sijakikalia tangu siku ya kwanza. Nipe nyama yangu!"

Mara masikio marefu yakachomoza kwenye kola.

"Leo tu ndiyo halikuwa tupu, mfalme," akasema Sungura. "Samahani kwa kukalia kiti."

Bi Swala akasogea mbele. "Kwa hiyo mwanangu alikuwa anakufa kwa kusubiri ruhusa ya koti?"

Simba alitamani ardhi ipasuke. Siku zote zile amelisifia vazi! Nyuma ya umati Nyumbu alianza kucheka, akajifanya anakohoa.

"Kifaru," akasema mfalme kwa sauti ya chini, "kuanzia leo mwenye kiu akifika, fungua."

"Na ruhusa, mfalme?"

"Kiu yake ndiyo ruhusa. Ila Fisi, kwa kuwa aliupenda utaratibu wa zamani, yeye peke yake atauendeleza. Koti libaki kitini."

Paja walimpa Sungura, akasema hali nyama. Simba akalila mwenyewe, akiwa amewapa mgongo wote.

Kesho yake jua lilipopamba moto, Fisi alifika kisimani ulimi nje. Kando yake mtoto wa Swala alikuwa anakunywa na kurusha maji kwa kwato. Fisi akasimama mbele ya kiti, akameza mate ambayo hayakuwepo.

"Shikamoo mkubwa," akaliambia koti. "Naomba maji."

Koti likanyamaza. Fisi akamgeukia Kifaru.

"Kifaru, ndugu yangu, wewe unajua kabisa hakuna mtu mle ndani!"

Kifaru akanusa kuelekea kibandani, akaridhika.

"Mkubwa yupo," akasema. "Koti lile pale. Subiri."