Kiboko Aliyeitika Kila Jina

"Achia! Hiyo dawa ni ya mama yangu!"

"Ni yangu! Kwani nani ameitika?"

Ngojeni kwanza. Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Na vicheko?

Viko mfukoni!

Haya, vitoeni.

Aliyekuwa akilia ni Nguchiro, mdogo kama kiatu. Aliyemjibu ni Kiboko, mnene kama nyumba. Walikuwa kwenye dirisha la dawa, zahanati ya wanyama. Zahanati hiyo ilikuwa na desturi yake: Korongo, mgawa dawa, anaita jina, na anayeitika kwa sauti kubwa ndiye anayepewa.

Kiboko alikuja kwa ajili ya jino tu. Lakini aliamini kwamba dawa nyingi ni afya nyingi.

Korongo aliita, "Kobe!" Kobe akaanza kufungua kinywa, polepole. Kiboko akaitika, "Mimiii!" Pu! Dawa ya goti kwapani.

Akaita, "Bundi!" Bundi alikuwa amesinzia. "Mimiii!" Pu! Dawa ya macho kwapani.

Akaita, "Mama Nguchiro!" Nguchiro akasema, "Ni ma..." "Mimiii!" Pu! Dawa ya kifua kwapani.

Mama yake Nguchiro alikuwa amekohoa siku tano, hata uji haupiti. Nguchiro akaivuta ile pakiti, akavuta, akaanguka chali. Akajifuta vumbi, akamnong'oneza Swala aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, "Dada, ukiitwa, nyamaza."

"Swala!"

"Mimiii!" Pu!

"Dokta," akasema Nguchiro kwa adabu, "hebu msomee maandishi, mzee wetu asije akakosea kumeza."

Korongo akavaa miwani. "Swala. Mjamzito, miezi mitano. Vidonge vya kuongeza damu, kimoja kila siku. Ndiye wewe?"

Zahanati nzima ikageuka. Kiboko akatazama tumbo lake. Akiri kwamba amedanganya? Aibu!

"Ndiye... ndiye mimi."

"Hongera, mama kijacho!" akapaza sauti Nguchiro. Vigelegele vikapigwa, lilililili! Korongo akamlaza kitandani, kwaa! kitanda kikavunjika. Akaweka sikio tumboni. Nyasi za asubuhi zilikuwa zikinguruma, gurugudu, gurugudu.

"Mapacha," akasema Korongo.

"Dokta," akadakia Nguchiro, "mjamzito anywe na dawa ya goti? Na ya macho? Na ya kifua?"

"Thubutu! Alete hapa!"

Korongo akampokonya zote. Safari hii aliuliza kila mmoja: jina lako nani, unaumwa nini? Kobe akapata yake, Bundi yake, Swala yake. Nguchiro akaikumbatia dawa ya mama, akatimka.

Ikabaki pakiti moja. "Kiboko! Dawa ya jino!"

"Mi..."

"Wewe tulia, mama kijacho. Kiboko! Hayupo? Basi." Akafunga dirisha, pa!

Mnaona, wenzangu? Ukienda kuchukua dawa, usihangaike kutaja jina lako, wala kusoma pakiti. Wewe itika tu kwa nguvu. Pengine utarudi na watoto wawili.

Hadithi yangu imechoka, imemsindikiza Kiboko hadi kwake, shavu limevimba. Habari ilikuwa imetangulia. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni:

"Karibu, mama pacha. Sasa niambie, baba yao ni nani?"