Ng'ombe Asiyebisha Hodi

Hapo zamani, mawakili hawajajua majoho, paliondokea sultani jina lake Mwinyishee, bwana mwenye maradhi ya kutunga sheria. Akichomwa na jua, hutoka sheria ya miavuli. Akikwamwa na mwiba wa samaki, sheria ya wavuvi. Ngoma ya harusi ikimwamsha, kesho yake ipo sheria ya ngoma. Watu walichoka, wallahi, hata chafya mtu aliipiga kwa hofu.

Katika mji huo alikuwako Vuai, fukara asiye mbele wala nyuma, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa nje ya baraza ya hukumu. Kila kesi ikiisha watu humnunulia kahawa, naye huwaeleza hukumu ipi imesimama na ipi imelala chali.

Ikawa siku moja mgeni alijiingilia tu hadi sebuleni mwa Sultani, akamkuta kalala anakoroma. Aibu ile ikazaa sheria mpya: kila chenye pumzi kitakachoingia uani mwa mtu pasipo hodi kitakuwa mali ya mwenye ua.

Basi haikupita juma, ng'ombe wa Bi Mize akakata kamba, akaingia uani mwa Sultani na kutafuna mikomamanga. Bi Mize alikuwa mjane, na wajukuu zake aliwalea kwa maziwa ya ng'ombe huyo mmoja. Kadhi Burhani akauliza kama ng'ombe alibisha hodi. Akaambiwa hakubisha, hivyo akahukumu kuwa ni mali ya Sultani. Bi Mize alilia pale barazani mpaka walinzi wakainamisha vichwa.

Vuai alipoulizwa, alisema hukumu haina neno, sheria yenyewe ndiyo yenye kasoro. Maneno hayo yalifika kwa Sultani kahawa haijapoa, akaitwa.

"Ewe Vuai," akasema Sultani, "nionyeshe kasoro hiyo kabla ya Ijumaa, niione kwa macho na niishike kwa mkono. Ukishindwa, utauhama mji huu."

"Na nikiweza, Maulana?"

"Ng'ombe atarudi kwake."

Haya, nani kati yenu amewahi kushika kasoro ya sheria mkononi? Lakini Vuai alipita kwa Bi Mize, akaazima kipande cha kamba ya ng'ombe, akaenda zake kulala. Siku ya Alhamisi akapeleka habari kwamba kasoro imepatikana, ila ni kubwa mno haibebeki. Maulana aje na kadhi waione nyumbani kwake.

Sultani akaja amefura, akausukuma mlango wa makuti wa ua kwa mguu, huyo ndani. Tangu azaliwe alikuwa akifunguliwa milango, hodi hajapata kuitamka. Kadhi, mtu wa adabu zake, akasimama nje akabisha, akakaribishwa.

Vuai akaitwaa ile kamba, akamvika Sultani mkononi taratibu, ncha ya pili akaishika mwenyewe. Kisha akamgeukia kadhi.

"Shehe, bwana huyu ana pumzi?"

"Anayo."

"Alibisha hodi?"

Kadhi akatazama mbingu, akatazama ndevu zake. "Hakubisha."

"Basi ni mali ya nani?"

Kadhi akasema kwa sauti ndogo, "Kwa sheria ilivyo, ni yako."

"Kasoro ndiyo hiyo, Maulana, umeiona na umeishika," akasema Vuai. "Nami ni fukara, sina uwezo wa kukulisha. Naomba nikubadilishe na yule ng'ombe."

Sultani akatoa macho. Akaitazama kamba, akamtazama kadhi, kisha akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Jioni ile ng'ombe alirudi kwa Bi Mize, ambaye alimkumbatia shingoni, na sheria ikafutwa.

Lakini kabla ya hayo, Sultani alitoka nje ya ua, akaufunga mlango wa makuti kwa mkono wake mwenyewe, akakohoa kidogo.

"Hodi," akasema.

"Karibu, Maulana," akajibu Vuai, akamtandikia mkeka.

Nami naishia hapo mlangoni. Mwenye kutaka kuingia, adabu anaijua.