Pedeli za Pikapu ya Yustino

Kinachotaka grisi hakipigwi nyundo. Mmemsikia leo shangazi yenu akimwambia hivyo yule baba aliyekuwa akimfokea binti yake, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza grisi inahusu nini na malezi. Kaeni niwaeleze. Methali hii haikutoka mbali. Ilianzia hukuhuku Makete, uani kwa Yustino Tweve, asubuhi moja baada ya masika.

Yustino alikuwa mkulima wa viazi, na alikuwa na pikapu kuukuu aliyoipenda. Mama yake mzazi, Bi Melania, alikuwa haoni tena kwa sababu ya mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwenye hospitali ya misheni, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya upasuaji. Lakini Bi Melania alikuwa amekataa kwenda. Jioni iliyotangulia Yustino alimfokea, “Basi kaa gizani kama ndiko unakokupenda!” Kulipokucha, mama alijifungia chumbani na hakuitika.

“Nitambeba hivyohivyo,” Yustino alimwambia mkewe, akaenda kuwasha gari.

Alipokanyaga breki, pedeli ya klachi nayo ikashuka, na zote mbili zikabaki chini. Hazikurudi. Pikapu ilikuwa imelala uani masika yote, maji yakapenya sakafuni, na ile pini moja inayobeba pedeli zote mbili ikashika kutu. Kwa barabara zetu hizi za mteremko, gari la namna hiyo ni jeneza.

Yustino alichukua nyundo, akajipenyeza chini ya usukani, akaanza kuigonga pini ili itoke. Aligonga kwa hasira ya jana na ya leo. Pini haikusogea, ncha yake ndiyo iliyopondeka ikatanuka, ikawa haiwezi tena kupita kwenye tundu lake.

Mkewe, Valeria, alikuwa ndiye mwendeshaji wa mashine ya kusaga pale kijijini, na vyuma vilivyokwama alikuwa amevizoea. Alifika, akainama, akatazama.

“Baba Nolasko, hiyo nyundo inakusaidia nini?”

“Inatoa pini.”

“Inaifunga. Hebu nipishe.”

Alikwangua ile ncha kwa tupa mpaka ikarudi saizi yake, akamwagia dizeli pande zote mbili za pini. Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango wa gari, akakunja mikono.

“Sasa?” Yustino aliuliza.

“Tungoje inywe.”

“Mama Nolasko, madaktari wanaondoka leo!” Akaiokota nyundo tena.

Valeria alimshika mkono. “Kinachotaka grisi hakipigwi nyundo. Kimekauka tu, hakina ubishi na wewe.”

Yustino akaiweka nyundo chini. Dizeli ilipokwisha kupenya, Valeria aliibana pini kwa koleo, akaizungusha kidogo huku, kidogo kule. Ililia, ikalegea, ikatoka. Wakaisugua kwa msasa hadi ikang'aa, wakafuta matundu ya pedeli, wakapaka grisi ya kutosha, wakarudisha kila kitu. Yustino akakanyaga breki: ikashuka peke yake, ikarudi. Akakanyaga klachi: vivyo hivyo. Akarudia, akacheka.

Akaenda mbio hadi mlangoni kwa mama yake, akainua ngumi abishe. Ngumi ikabaki hewani. Akaishusha polepole, akaketi kizingitini.

“Mama,” alisema kwa sauti ya chini, “unaogopa nini?”

Kisha sauti ikatoka karibu kabisa na mlango.

“Hilo ndilo hukuwahi kuniuliza. Baba yako tulimpeleka huko, wakatutoa nje. Alikufa bila mtu wake karibu. Mimi sikiogopi kisu, mwanangu. Naogopa kuwa peke yangu.”

Yustino akaegemeza kichwa mlangoni. Miezi yote alikuwa amemwita mkaidi.

“Nitakuwa nawe, mama.”

“Wakikufukuza?”

“Nitakaa nje ya mlango, niwe nakohoa. Ukinisikia, ujue nipo.”

“Kohoa basi nisikie.”

Akakohoa. Bi Melania akacheka, na komeo likafunguka.

Wote watatu, Valeria naye, waliteremka ile milima salama. Kila Yustino alipokanyaga, breki ilishika na kuachia. Bi Melania alikuwa mgonjwa wa mwisho kupokelewa. Wakati wa upasuaji Yustino alikohoa ukumbini bila kuchoka, hata muuguzi akamletea maji akidhani anaumwa kifua. Kesho yake bandeji ilipotolewa, Bi Melania alimkazia macho mwanawe.

“Kumbe umeota mvi! Na wewe ndiye ulikuwa unanifokea kama kijana?”

Njiani kurudi, Valeria alimsimulia habari ya pini na nyundo. Bibi aliipenda mno. Tangu hapo, alipomkuta mtu akimlazimisha mke, mtoto au jirani kwa makelele, alimwita kando akamwambia maneno yale ya mkwewe, na wengine wakayabeba hadi yakatufikia.

Yule binti mliyemwona akifokewa leo, hakuna aliyemuuliza kwa nini hataki kurudi shule. Shangazi yenu ameliona hilo. Ndiyo maana amesema: kinachotaka grisi hakipigwi nyundo.